Hita ikae ukuta gani? Mjadala katika besimenti ya Gatineau

Mjadala huu nimeutunga, ila hoja zake ni zile zile zinazosikika kila familia inapoamua kuigeuza besimenti kuwa chumba cha kuishi. Nyumba iko Gatineau, mkoa wa Québec nchini Kanada, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, mji ambao Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili wamehamia na kujenga maisha. Québec nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme. Hydro-Québec, shirika la umma lililoundwa mwaka 1944, huzalisha umeme wa maji kwa wingi na huuza kwa bei ya chini, na chombo kilichoenea majumbani ni hita ya chini ya ukuta: boksi la bati jembamba na refu, linalofungwa ukutani karibu na sakafu. Ndani yake mna bomba la moto lililovishwa vibati vya alumini. Hewa baridi huingia kwa chini, hupata moto kati ya vibati hivyo, hupanda na kutokea juu. Feni hakuna.

Chumba kinachobishaniwa kina mita 3.6 kwa 3.6 na kiko pembeni mwa nyumba. Kuta mbili zinatazama nje, wa kaskazini na wa magharibi; mbili ni za ndani. Dirisha ni moja, dogo, karibu na dari upande wa kaskazini. Fremu za mbao zimesimama, jipsamu bado haijapigwa. Atakayelala humo ni mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyehamia kutoka Uvira, Kongo. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mwenye nyumba: Fundi, mimi naona hita ikae ukuta wa ndani, huo wa korido. Bodi ya umeme iko hapo nje tu, waya hautazidi mita tatu au nne. Kuta za nje zote mbili zinabaki wazi, kitanda nakiweka huku, kabati kule. Chumba chenyewe ni kidogo, siwezi kuupoteza ukuta mzima kwa ajili ya hita.

Shemeji: Nakuunga mkono, na hata kwa hesabu uko sawa. Wati 1,500 ni wati 1,500 popote utakapoziweka. Umeme wote unageuka joto, hakuna bomba la moshi la kuupoteza. Ukiifunga kwenye ukuta wa nje, mgongo wa hita unapasha ukuta kwanza, na joto hilo linakwenda nje kwenye theluji. Ukuta wa ndani, joto lote linabaki nyumbani.

Fundi: Kwenye wati sina ubishi na wewe, kaka. Kwenye ukuta ninao. Mama, ule udi wa vijiti uliofukiza jana, kimebaki hata kimoja?

Kilikuwepo. Jaribio hili mtu yeyote anaweza kulifanya siku ya baridi kali, na hushawishi kuliko maelezo marefu. Fundi anawasha kijiti, anakishika kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye zege chini ya dirisha, wote wanasimama kimya wasiitikise hewa. Moshi unapanda kidogo, unasita, kisha unapinda na kuanza kushuka. Unauteremka ukuta, unalifikia jamvi la zege la sakafu, unatambaa juu yake kuelekea katikati ya chumba, kwenye miguu ya watu. Anakihamishia kijiti ukuta wa korido. Hapo moshi unakwenda juu moja kwa moja.

Fundi: Mmeuona mwendo wa hewa. Ukuta wa nje unaipoza, ikipoa inakuwa nzito, inashuka na kutandaa sakafuni. Sasa weka hita ukuta wa ndani. Hewa moto inapanda pale, inapita darini, inafika ukuta wa nje, inapoa, inashuka, inarudi kwenye hita kwa njia ya sakafu. Hita inakuwa inausukuma mzunguko ule ule. Juu joto, chini baridi, usiku kucha. Lakini hita ikiwa ukuta wa nje, hewa moto inapanda mahali pale pale baridi inaposhuka. Zinakutana, baridi haifiki kwenye miguu.

Shemeji: Huo ni ukuta mtupu wa zege, fundi. Subiri upate povu na sufi ya kuzuia baridi, dirisha liwe la vioo viwili, uniletee tena huo udi. Kanuni ya kuweka hita chini ya dirisha ni ya enzi za kioo kimoja.

Hapo shemeji ana hoja nzito, na mafundi wengi huipita haraka mno. Kanuni ya dirisha ilitokana na vioo vilivyokuwa vikitoa mkondo wa baridi unaousikia shingoni. Dirisha la kisasa halina nguvu hiyo, na la besimenti ni dogo. Kama sababu ya kuchagua ukuta wa nje ni dirisha peke yake, sababu hiyo imedhoofika.

Ila katika besimenti baridi haiingii kwa dirisha tu. Udongo wa chini hauwi baridi kama hewa. Sehemu hizo misingi huchimbwa mita moja na nusu au zaidi ili ipite kina ambacho udongo huganda, na chini ya hapo ardhi hubaki juu ya sifuri Januari yote. Sehemu ya ukuta inayopoteza joto kupita zote ni ya juu: ile inayochomoza juu ya ardhi na kama mita moja chini yake, pamoja na ule ukingo ambapo mbao za sakafu ya juu zinakaa juu ya msingi, penye nyufa ambazo upepo hupenya. Huko ndiko kwa kutumia fedha kwanza. Mtu anayenunua hita kubwa kabla ya kuziba ukingo ule anajiwekea gharama ya kila majira ya baridi.

Fundi: Na povu lenyewe, bodi zake zishikane na zege kabisa, pasiwe na nafasi, na viungo vyote vizibwe. Hewa ya chumba ina unyevu wa watu kupumua, kuoga, kuanika nguo. Ikipata njia ya kufika kwenye zege baridi inatoa maji, na baada ya muda ni ukungu nyuma ya jipsamu ambao hamtauona mpaka harufu iwafikie. Jipsamu nayo isiguse jamvi. Acha sentimita moja au mbili, ubao wa pembeni utaficha.

Mama: Ninyi mnazungumza ukuta. Mimi nasema miguu. Kule juu sebuleni kile kidude kinaandika 21, kichwa kinapata joto, miguu kama nimesimama mtoni. Nikiomba muongeze mnasema bili. Huku chini mkinifanyia hivyo hivyo nitaongeza mwenyewe.

Fundi: Shemeji, jibu la hesabu yako amelitoa mama. Mgongo wa hita unafunika ukanda mdogo wa ukuta, kama theluthi moja ya mita ya mraba. Nyuma yake pakiwa na povu na sufi, kinachopotea zaidi kwa sababu ya moto wa hita ni wati chache. Lakini mama akipandisha kutoka 21 hadi 24 kwa sababu miguu inamuuma, tofauti kati ya ndani na nje ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatoka nyuzi 41 kwenda 44. Hiyo ni kama asilimia 7 zaidi, kwa kila kinachopotelea hewani kupitia ukuta, dirisha na nyufa. Wati chache upande mmoja, karibu wati mia upande wa pili siku hita inapofanya kazi kamili.

Mwenye nyumba: Hizo wati mia ni pesa ngapi?

Fundi: Yuniti 40 za kwanza za kila siku mnalipa karibu senti 7 kila moja. Zinazozidi, zaidi ya senti 10. Nyumba hii wakati wa baridi inavuka 40 kila siku, kwa hiyo chochote mtakachoongeza huku chini kinahesabiwa bei ya juu. Hita ya wati 1,500 ikiwaka jumla ya saa 8 inakula yuniti 12, ni zaidi ya dola moja na senti 20 kwa siku. Kwa ukubwa wa chumba hiki 1,500 zinatosha, mradi kuta zizibwe.

Mke wa mwenye nyumba amekuwa akipima kwa utepe. Hoja yake ndiyo iliyobadilisha mpango wote.

Mke: Baba watoto, kitanda ulisema kinakwenda ukuta wa kaskazini. Blanketi la mama linafika sakafuni. Na kabati ukuta wa magharibi. Unakumbuka kabati la watoto chumba cha nyuma, lile tulilolisukuma mpaka ukutani? Tulipolivuta mwezi wa tatu, ukuta ulikuwa mweusi na viatu vimeota ukungu.

Kabati likibanwa kwenye ukuta wa nje, hewa ya joto haipiti nyuma yake. Ukuta pale unabaki baridi kuliko sehemu nyingine zote za chumba, na unyevu hutua hapo. Kitanda kilichoegemezwa kwenye ukuta huo kina shida ile ile, na godoro hunyonya. Watu hudhani wanaziacha wazi kuta za nje kwa ajili ya samani, kumbe wanaziziba kwa samani. Ninavyoona mimi, kuta za nje za besimenti ni za hewa na hita. Kuta za ndani ndizo za kitanda na kabati. Mpango wa mwenye nyumba ugeuzwe wote. Kitanda kiende ukuta wa korido, kichwa kikielekea kwenye joto la nyumba, na kabati liende ukuta wa ndani wa pili. Waya utaongezeka mita kadhaa, lakini waya hununuliwa mara moja.

Mwenye nyumba: Na kama siku moja chumba kitakuwa cha kijana, akitaka kitanda chini ya dirisha?

Fundi: Atakuta hita, hatakiweka. Mbele ya hita mnaacha nafasi, kwa nyingi ni sentimita 15 au zaidi, karatasi ya kampuni inasema kiasi. Pazia lisining'inie juu yake. Hizi hita zina swichi ya usalama ndani, inakata umeme bati likizidi moto, lakini swichi hiyo isifanywe ruhusa ya kulundika nguo. Chini nako pasizibwe. Mkitandika zulia nene hadi kwenye bati, hewa haina pa kuingia, na hita inakuwa inachemka peke yake chumba kikiwa baridi.

Mke: Na lile dirisha? Mama akilala huku na moto ukazuka ngazini, anatokea wapi?

Swali hilo lingepaswa kuja kabla ya yote. Kanuni ya ujenzi ya Kanada inataka chumba cha kulala kisicho na mlango wa kutokea nje kiwe na dirisha linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo wala zana, lenye uwazi usiopungua mita za mraba 0.35, na upande wowote usiwe chini ya sentimita 38. Dirisha lililopo halifiki. Itabidi zege likatwe, na likikatwa, sehemu ya hita chini yake inabadilika pia. Ndiyo maana nashikilia kwamba maneno haya yasemwe fremu zikiwa wazi, na yasemwe mbele ya mtu atakayelala humo. Si haki mzee aje kukaribishwa kwenye chumba kilichokwisha kupakwa rangi, aambiwe kitanda chake ni hapa kwa sababu kule kuna hita.

Fundi: Kwa hiyo napendekeza hita mbili za wati 750 badala ya moja ya 1,500. Moja ukuta wa kaskazini, kando kidogo ya dirisha, ili mama akilazimika kutoka asikanyage bati la moto. Ya pili ukuta wa magharibi. Kuta zote mbili baridi zinapata joto lake. Tena hita fupi zinarahisisha soketi. Kanuni inataka sehemu yoyote ya ukuta isiwe zaidi ya mita 1.8 kutoka kwenye soketi, na soketi haikai juu ya hita, maana waya wa taa utalala juu ya bati na kuyeyuka.

Shemeji: Hita mbili ni bei zaidi ya moja.

Fundi: Kidogo. Umeme unaoliwa ni ule ule.

Shemeji: Basi kuvuta waya tutafanya wenyewe. Kwangu Ottawa nilifanya mwenyewe, nikaomba kibali, mkaguzi akaja akapitisha.

Fundi: Ottawa ni Ontario. Ukivuka daraja sheria ni nyingine. Québec mwenye nyumba haruhusiwi kuvuta umeme wa nyumba yake, hata kama anajua kazi. Anaifanya mkandarasi mwenye leseni. Na bima ikikuta waya uliovutwa na shemeji baada ya moto, hamtalipwa kwa urahisi. Mnaweza kuweka povu na kupiga jipsamu. Waya niachieni. Hii ni volti 240, nyaya zote mbili zina moto, na breka yake inakata zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu breka, fundi aliandika hesabu kwa penseli kwenye ubao wa fremu. Amperi 20 kwa volti 240 ni wati 4,800, na hita huwaka kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo mzigo hauvushwi asilimia 80, yaani wati 3,840. Chumba cha mama 1,500, ukumbi 1,000, chumba cha kufulia 1,000: jumla 3,500, inaingia. Ukiongeza choo cha wati 500 inakuwa 4,000, na breka ya pili inahitajika. Mwenye nyumba aliisoma hesabu hiyo mara mbili, akauliza kama choo kinaweza kusubiri. Kinaweza, ila nafasi ya breka kwenye bodi iachwe sasa.

Mama: Mimi nina swali moja. Umeme ukikatika?

Kwa mtu aliyekulia Uvira hilo ni swali la kila siku, na Québec nako lina historia yake. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo na minara ya umeme, wateja wa umeme zaidi ya milioni moja wakabaki gizani, wengine kwa wiki kadhaa. Hita ya umeme siku hiyo ni bati tupu.

Fundi: Ukikatika, mama, unapanda juu, mnalala chumba kimoja na blanketi zote. Huku chini ardhi inazuia chumba kisigande upesi, kwa hiyo mabomba yana muda. Lakini naomba sana, jiko la mbabula lisiingie humu. Wala makaa, wala jenereta, hata kwa dakika kumi. Gesi yake ya sumu haina harufu. Wapo waliokufa hivyo mwaka 1998, nyumba zikiwa zimefungwa vizuri dhidi ya baridi.

Mama: Nimesikia. Na mafuriko?

Gatineau ilifurika mwaka 2017 na tena 2019. Hita inayokaa sentimita chache juu ya jamvi ndiyo ya kwanza kuguswa na maji. Shemeji alishika hapo kwa nguvu, akataka hita ya feni inayofungwa juu zaidi ukutani. Ni wazo la kufikiriwa kwa nyumba iliyo karibu na mto. Nyumba hii iko mlimani, na mama alikwisha kusema hataki kitu kinachovuma usiku karibu na kichwa chake. Fundi alikubali kuzipandisha hita kidogo, akawataka wakumbuke jambo moja: maji yakiingia, breka izimwe kabla mtu hajakanyaga chini, kama bodi inafikika pakavu, na hita iliyolowa ibadilishwe. Haikaushwi ikarudishwa.

Mwenye nyumba: Na themostati? Zile za kufungwa kwenye hita yenyewe ni rahisi.

Fundi: Hizo zinapima joto la bati. Tunafunga moja ya elektroniki ukutani, ukuta wa ndani, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, isiwe nyuma ya mlango wala pembeni mwa kabati. Umeme unatoka kwenye bodi, unapita kwenye themostati, ndipo unakwenda kwenye hita zote mbili. Kwa hiyo mahali pake napo tuamue leo.

Mama: Mita moja na nusu mimi siisomi bila miwani. Ishushe.

Fundi: Tutaishusha hadi moja na ishirini.

Mke: Kwa watoto hita huwa zinalia tak-tak-tak usiku.

Fundi: Bati likipata moto linatanuka. Skrubu zikikazwa mno halina pa kwenda, ndiyo linagonga. Nitazilegeza robo mzunguko. Na mara ya kwanza kuwaka kila msimu itanuka vumbi lililoungua, kwa hiyo mwezi wa tisa pitisha mashine ya vumbi kwenye vibati kabla ya kuwasha. Kabla hamjapiga jipsamu, piga picha kila ukuta, utepe wa kupimia uonekane, ili siku ya kutundika picha ya familia msitoboe waya.

Mwenye nyumba: Zamani nilidhani hita ni kazi ya siku ya mwisho.

Mama: Na taa yangu ya kusomea inachomekwa wapi?

Fundi: Kitanda kiko ukuta wa korido, soketi mbili, kila upande moja, usawa wa mkono ukiwa umelala. Hapo hakuna hita, mama, hata waya ukianguka.